Utepe Mweusi Juu ya Taa ya Injini

Nyumba ya kona, geti la kijani,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umepoa tangu uache kuendesha malori. Mkazamjomba hajambo? Wale pacha bado wanagombania kiti cha dirishani? Huku sote tuko salama. Bibi goti linamkaba kila asubuhi, lakini mdomo hauna hitilafu yoyote, unaanza kazi kabla hata chai haijachemka. Mama yuko na cherehani zake, wiki hii amefufua nne ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Mimi nimefunga shule. Matokeo ya muhula si mabaya, ukiondoa somo la kuzungumza mbele ya darasa, ambapo mwalimu ameandika neno moja tu: "Ajitahidi."

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Nimejaribu kukuandikia kwenye simu mara nyingi, nikafuta kila mara. Kwenye simu mtu wa upande wa pili anaona kwamba unaandika, na mimi nikijua naonekana, vidole vinagoma. Karatasi inanisubiri bila kunitazama.

Nianze na lile gumu, kwa sababu nikilichelewesha nitaishia kukueleza habari za mvua.

Mjomba, ule utepe mweusi uliokuwa umefunika taa ya injini kwenye gari ulilotuachia, niliubandika mimi. Si wewe. Mama alikusingizia, nami nilijua kwamba anakusingizia, nikanyamaza. Miezi minne sasa wewe na yeye hamsemezani, na sababu ni mimi.

Haya, nimeshaandika. Herufi zimekaa sawa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana nisipoeleza utadhani nilifanya utundu tu.

Unakumbuka ulipohama ukamwachia Mama gari lako, Bi Harusi, ili abebee mashine za wateja. (Jina hilo bado tunalitumia. Bibi anasema kila akilitazama anaona limemfaa zaidi: jeupe, na kila siku watu wazima wamesimama nje wanalisubiri.) Tangu siku ya kwanza Mama alikuwa ananichukua baada ya shule, tunazunguka kwa wateja pamoja, cherehani zinagongana nyuma.

Ndani ya gari lile, Mjomba, mimi huwa naongea. Hilo hujui, na hata Bibi hajui. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza, nyumbani tunaishi kwa Kiswahili, na aibu ikinishika zinanikimbia zote mbili kwa pamoja. Mezani siwezi, sebuleni siwezi. Lakini kwenye gari Mama anatazama barabara, na mimi natazama barabara, hakuna anayemkodolea mwenzake macho, na maneno yanatoka yenyewe kama yalikuwa yamejipanga foleni. Humo ndimo nilimwambia sitaki kusomea uuguzi. Humo ndimo nilimwambia kuhusu wale wasichana waliokuwa wananiigiza ninavyojibu maswali darasani. Mama hasemi mengi. Anapunguza mwendo kidogo, basi.

Wiki tatu baada ya wewe kuondoka, betri ilikufa. Halafu mkanda wa feni ukakatika. Mama akapiga usukani kwa kiganja, akasema, "Taa nyingine hata moja ikiwaka kwenye hiki kibao, naliuza. Mimi ni fundi cherehani, si muuguzi wa magari." Na Mama akisema kitu kwa sauti ile ya chini, unajua, kimeshapita.

Siku tatu baadaye alikuwa ndani kwa mteja mwenye mashine mbili za kushonea mapazia. Mimi nilibaki garini, injini inaunguruma, nasikiliza redio. Ikawaka. Ile ya njano yenye mchoro wa injini. Niliitazama kama mwizi anavyotazama mwanga wa tochi. Kisanduku cha vifaa cha Mama kilikuwa miguuni pangu. Nikachukua utepe mweusi wa umeme, nikakata kipande kidogo kuliko ukucha kwa mkasi wake wa kukatia nyuzi, nikazipunguza kona zake zikawa mviringo, nikabandika. Kilikaa kama kimetoka nacho kiwandani. Naona aibu kukuambia, lakini wakati ule nilijisifu kwa kazi safi.

Yaliyofuata unayajua. Mama alikuwa anafuta vumbi kwenye dashibodi, injini inaunguruma, kitambaa kikanasa, utepe ukabanduka, na taa ikawa inamtazama usoni. Akaingia ndani, akakupigia hapo hapo. Mimi nilikuwa kwenye korido na beseni la nguo. Nilisikia kila alichokuita. "Kaka, umenipa gari umelifumba jicho!" Nilisikia neno mwongo. Wewe sikukusikia, ila nilimwona Mama anailaza simu mezani, kioo chini, kwa upole kabisa, na upole ule ulinitisha kuliko kelele.

Nilikuwa na muda wa kusema. Ulikuwa mfupi lakini ulikuwepo. Nikaenda kuanika nguo.

Bi Harusi hakuuzwa, na hiyo ndiyo ajabu yake. Mama alisema, "Nitaliuzaje? Nikamfanyie mtu mwingine nilivyofanyiwa?" Kwa hiyo gari lilibaki, taa inawaka, na jina lako likawa halitajwi. Bibi ukimsikia peke yake jikoni anaiambia sufuria, "Nina watoto wawili tu duniani, na simu ninayo, na bado nashindwa kuwakutanisha."

Wakati mwingine najiuliza kama ulijua. Gari lilikuwa na watu wawili tu, na wewe si mjinga. Kama ulijua na ukakubali kuitwa mwongo ili mimi nisiitwe, basi sina la kusema, ila tafadhali usifanye hivyo tena.

Likizo ilipoanza nikaamua kulitengeneza. Sitakudanganya kuhusu nia yangu: sikuamua kusema ukweli, niliamua kutengeneza gari. Nilidhani taa ikizimika, ugomvi nao utazimika, na hakuna atakayeniuliza kitu. Nilitaka msamaha bila kuomba.

Jirani yetu dereva wa teksi ana kile kifaa kidogo cha kusoma hitilafu, unakichomeka chini ya usukani. Nilimwandikia kikaratasi cha kukiazima, nikakipitisha chini ya mlango wake, akacheka siku nzima lakini akakileta. Kikasema ni sensa ya oksijeni, ile ya mbele. Najua wewe unayajua haya, umezeeka nayo, lakini niache nieleze kwa sababu nimefurahi kuyajua: ni kidude kama kidole, kimefungwa kwenye bomba la moshi, kazi yake ni kunusa. Kinanusa moshi, kinaiambia kompyuta ya gari kama mafuta yamezidi au hewa imezidi. Chetu kilikuwa kimepoteza harufu. Ndiyo maana Bi Harusi alikuwa anakunywa mafuta bila kipimo, anakohoa kila tukisimama njia panda, na nyuma yake kunanuka kama mayai yaliyooza.

Kitabu chake kilikuwa bado ndani ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, kwa Kiingereza kitupu. Nilikaa nacho siku mbili, nikakitafsiri kwenye kadi kumi na moja, kila kadi hatua moja, kwa Kiswahili ambacho Mama hatahitaji kukisoma mara mbili. Nikaziweka kwenye meza yake ya kazi, nikaenda kujificha bafuni.

Alinikuta mlangoni nikitoka. "Kufungua gari? Hapa uani?"

Kabla sijajibu, Bibi akajibu kutoka jikoni. "Wewe ulifungua cherehani yangu una miaka kumi na moja! Ukamaliza, nati mbili zimebaki mkononi, na bado ikashona. Gari lina pembe?"

Mama akacheka. Zilikuwa siku nyingi hajacheka.

Kipuri nilikwenda kukitafuta mwenyewe, na hilo, Mjomba, liandike mahali. Duka lina kaunta ndefu, na siku hiyo wanaume sita walikuwa wameiegemea, kila mmoja na chuma chake mkononi. Kila zamu yangu ilipofika nilimpisha mtu. Mwisho muuza vipuri akaniona mwenyewe.

"Binti, unasubiri basi au unanunua?"

Nikamwambia. Akaweka kiganja sikioni. "Sauti! Hapa si maktaba."

Nikampa karatasi niliyoandika namba. Akaleta boksi, akalisukuma kwangu. "Hii hapa. Inaingia magari yote."

Nilikuwa nimeichora plagi yetu, nimehesabu pini zake mara tatu. Nikafungua boksi. "Hii ina pini tatu," nikasema. "Yetu ina nne."

"Zinafanana hizo."

"Hazifanani. Na waya wake ni mfupi."

Wale wanaume wakageuka. Mmoja akampiga mwenzake kiwiko. "Leo kapatikana!" Muuza vipuri akanitazama, akaenda stoo, akarudi na boksi jingine. "Haya, mwalimu, kagua." Nikakagua. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimeibeba kama yai.

Kulikuwa na tatizo la spana. Sensa ina waya mrefu mkiani, kwa hiyo boksi spana ya kawaida, ile inayofunika nati nzima, haipiti, inatakiwa yenye mpasuo ubavuni. Hatukuwa nayo. Mama alichukua boksi spana ya zamani namba ishirini na mbili, akaibana kwenye jiliwa, kile chombo chake cha kukamatia vyuma, akaipasua kwa msumeno wa chuma. Taratibu, anasukuma mara kumi, anaweka tone la mafuta, anasukuma tena. Kwenye kazi ya Mama hakuna kinachoanza wala kuisha bila tone la mafuta, yale mepesi ya cherehani. Anasema chuma kisichopakwa mafuta ni chuma kinachonuna. Nilimtazama saa nzima. Sikuwahi kuona mtu anatengeneza kitu cha kutengenezea kitu kingine, na mtu huyo ni mama yangu.

Jana Jumamosi asubuhi tukaanza.

Jeki, stendi mbili, matofali nyuma ya magurudumu. Mama akalala upande wa kulia, mimi kushoto, vipande vya maboksi chini ya migongo yetu. Bibi alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya tairi, kikombe cha chai mkono mmoja, kadi zangu mapajani, miwani puani. Alikuwa amejipa kazi ya kusoma.

"Kadi ya kwanza!" Sauti ya msomaji wa taarifa ya habari. "'Toa waya hasi wa betri.' Umetolewa?"

"Umetolewa, Mama," Mama akamjibu mama yake.

"'Weka matofali nyuma ya magurudumu.' Yako?"

"Yako."

"La upande ule silioni."

"Mama, liko!"

"Nauliza tu. Nyie watoto wangu hamkawii kuambiana uongo."

Nilisikia pumzi za Mama zinabadilika. Mimi nikajifanya nashughulika na kitambaa.

Sensa ya zamani ilikuwa imegandana na bomba kwa kutu, kama vile imezaliwa nayo. Mama akaipulizia dawa ya kutu, akaigonga kidogo pembeni kwa mpini wa bisibisi, akatuambia tutoke tukanywe chai. Tulikunywa chai. Tuliporudi, badala ya kuifungua, akaikaza. Nikadhani amekosea upande. "Nati iliyoganda haianzi kwa kufunguliwa," akaniambia. "Inaanza kwa kukazwa, unywele mmoja tu. Ishtuke. Ikishashtuka, ndiyo unaigeuza." Akageuza. Ikalia kwa sauti ya mlango mbovu, halafu ikaja.

"Imekubali," akasema. "Kama wateja wangu tu, mpaka uwabembeleze."

Ncha yake ilikuwa nyeusi tititi, kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuungua. Nimeihifadhi, ukija nitakuonyesha.

Mama akafungua sensa mpya, akavuta kile kikofia cha plastiki kinacholinda ncha. Halafu mkono wake ukafanya kile ambacho umekifanya miaka ishirini na mbili kwa kila kipuri kipya: ukapapasa pembeni, ukachukua kikopo cha mafuta ya cherehani chenye mdomo mrefu, ukakielekeza kwenye ncha.

Kadi ya saba ilisema hivi: "Usiguse ncha. Tone moja la mafuta likifika kwenye ncha, sensa imekufa." Niliipigia mistari miwili. Lakini chai ya Bibi ilikuwa imezigandisha kadi mbili, na yeye alikuwa anatusomea ya nane kwa madaha.

Nikaliona tone linajaa kwenye mdomo wa kikopo. Ikawa vile vile kama kwenye korido. Sijui watu wengine huwaje. Kwangu mimi neno linakuwepo zima, limeshavaa viatu, na mlango haufunguki. Nikaliona tone linarefuka.

"MAMA, ACHA!"

Mkono wake ukaruka. Tone likadondokea kwenye kipande cha boksi alicholalia, karibu na sikio lake.

Huko nje Bibi akauliza, "Nani huyo?"

"Ni mimi, Bibi."

"Wewe nani?"

Hakuijua sauti yangu, Mjomba. Naishi naye tangu nizaliwe, na hakuijua.

"Mafuta yanaiua," nikamwambia Mama. "Ncha yake haitaki mafuta kabisa."

Akaitazama sensa, akakitazama kikopo, akakisukuma mbali mpaka kikagonga tairi. "Ningeiua kwa mkono wangu mwenyewe," akasema. "Ahsante, mwanangu."

Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Na tulikuwa tumelala tunatazama tumbo la gari, hatutazamani. Nikasema, "Na ule utepe niliubandika mimi. Mjomba hakujua lolote."

"Utepe gani?" Alijua ni upi.

"Wa kwenye taa. Nilikata kwa mkasi wako."

Sikuthubutu kugeuza shingo. Akauliza, "Kwa nini?"

"Ulisema taa nyingine ikiwaka unaliuza. Na mimi humu ndimo naongea na wewe. Kwingine siwezi."

Nilisubiri anifokee. Nilitaka anifokee, ingekuwa rahisi. Akasema, "Nishikie tochi." Akaishika sensa mpya, akaanza kuizungusha kwa vidole, taratibu, mpaka meno yakashikana. Halafu akachukua ile spana aliyoipasua, na kila akiikaza akawa ananiuliza swali.

"Siku ile nampigia, ulikuwa wapi?"

"Kwenye korido."

"Ulisikia nilivyomwita?"

"Nilisikia."

"Halafu ukaenda kuanika nguo."

"Halafu nikaenda kuanika nguo."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli tupu na hakulisema kwa ukali.

"Mmekufa huko chini?" Bibi.

"Tuko hai, Mama."

"Basi pazeni sauti. Nimeshasikia nusu, na nusu haishibishi."

Mama akamaliza kukaza. Akaweka spana kifuani, akabaki amelala hivyo hivyo. Akasema, "Umekosea, na utamwambia mwenyewe. Lakini wewe una miaka kumi na sita. Mimi namjua kaka yangu miaka arobaini, na sikumuuliza hata swali moja. Nilipiga simu nikiwa na jibu." Akafuta uso kwa mkono wenye masizi. Tulipotoka chini ya gari alikuwa na mstari mweusi kutoka jicho mpaka kidevuni, na Bibi hakumtania. Ndipo nikajua Bibi amesikia zaidi ya nusu.

Tukaunganisha plagi (pini nne, zikaingia kwa mlio mmoja mtamu), tukarudisha waya wa betri. Mama akaniambia niwashe mimi. Taa zote zikawaka kama kawaida ya gari likiamka, halafu zikaanza kuzimika moja moja. Ya injini ikachelewa. Ikachelewa tena kidogo. Ikazima.

Kifaa cha jirani kikasema hakuna hitilafu. Mwenye teksi akaja mwenyewe kusikiliza, akaweka kiganja nyuma ya bomba la moshi, akanusa, akatikisa kichwa. "Nani kafanya?" Mama akanyoosha kidole kwangu. Nikasema, "Tumefanya wawili, na Bibi amesoma." Nilisema kwa sauti ya kawaida, akasikia mara ya kwanza.

Tukazunguka nalo mpaka kituo cha mafuta na kurudi, Bibi nyuma katikati ya cherehani kama bwana harusi. Halikohoi, Mjomba. Njia panda linasimama kimya mpaka unadhani limezima. Nakuhakikishia kazi ile ni safi, na safari hii nasema hivyo bila kuficha kitu chini yake. Likipata tatizo jingine nitalifungua. Nimeshaanza kusoma kuhusu breki.

Lakini hapo ndipo kazi ilipokwama. Jioni Mama alikaa kitandani na simu. Akatafuta jina lako, akalitazama, akalala chali. Akaandika, akafuta. Mama, Mjomba! Yule anayeweza kumwambia mteja usoni kwamba mashine yake imeuawa na uvivu! Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, na sura aliyokuwa nayo naijua vizuri, ila nimeizoea kuiona kwenye kioo changu. Akaniuliza mimi, kati ya watu wote: "Nitaanzaje?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia mimi huwa naanza kwa karatasi.

Ndiyo maana naandika. Nilimuuliza kama ana neno la kuongeza humu, akakataa. "La kwako liseme la kwako. La kwangu nitalisema kwa mdomo wangu, asilisome kwa mwandiko wa mtoto." Bibi yeye ana la kuongeza: anasema amechoka kuongea na sufuria.

Mjomba, naomba unisamehe. Sitaki uniambie haikuwa kitu, kwa sababu ilikuwa kitu. Ulikosa dada yako miezi minne, na pacha wakaulizia shangazi yao wakakosa jibu. Kama bado una hasira na mimi, kuwa nayo, nitaisubiri ipoe. Ila yeye usimwekee.

Kondakta wa basi amesema barua itakuwa mikononi mwako Alhamisi. Jumapili ijayo, saa kumi alasiri, tutakuwa tumeegesha kwenye uwanja nyuma ya kituo cha mafuta, watatu sote, vioo vimefungwa ili upepo usituharibie simu. Tumekubaliana hivyo leo asubuhi. Nisalimie sana mkazamjomba, mwambie nimekumbuka kicheko chake. Wasalimie pacha, na yule jirani yenu mshona viatu aliyenipa kamba za njano. Bibi anakusalimu na kukuombea: Mungu akuweke, akunyooshee mgongo na njia zako, na akupe usingizi usiokatika. Nami nasema amina.

Mama ameniomba nipige mimi, na nimekubali. Unajua mimi na simu tulivyo. Ikilia saa kumi, ukapokea, ukasema haloo na usisikie mtu, usikate, Mjomba. Ni mimi. Niko pale, nakuja.

Mpwa wako, anayekupenda hata akinyamaza,

Sindano